Gugu likitangazwa hatari, jembe linabaki kwa mwenye shamba

Wiki hii nimeulizwa tena. Mkulima wa mahindi amenitumia picha ya gugu karoti lililoota ukingoni mwa shamba lake, na chini yake ameandika: "Serikali si ilishalitangaza kuwa gugu hatari? Mbona haiji kuling'oa?" Nimemjibu kwa simu, lakini swali hili limezidi, kwa hiyo leo naliandika kwa kirefu.

Tangazo si ahadi kwamba serikali itakuja na majembe. Kwa Sura ya 325 ya Sheria za Kenya, ile inayohusu magugu hatari, waziri hutangaza mmea katika Gazeti Rasmi, na kuanzia hapo wajibu wa kuuondoa unamwangukia anayeishika ardhi. Mkaguzi anaweza kuingia shambani na kukupa notisi. Ukiipuuza, watu wengine wanaweza kufanya kazi hiyo na gharama ukadaiwa wewe.

Wengine hudhani orodha hiyo ni ya magugu sugu kuliko yote, au yenye sumu. Sivyo. Ndago hututoa jasho kila palizi, lakini nikiiacha shambani mwangu, hasara kubwa ni yangu. Sheria inajali zaidi gugu ambalo uzembe wangu unakuwa hasara ya jirani, ya mfugaji wa ng'ambo ya mto, ya mtoto anayepita njiani akaanza kuwashwa ngozi. Gugu karoti lilitangazwa mwaka 2010 na linastahili kabisa. Mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu 15,000 au zaidi, na mbegu hizo husafiri na tope la matairi, na maji ya mtaro, na nyasi kavu ulizonunua kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe akilila, maziwa hubadilika ladha. Kuna watu wakilishika ngozi inavimba, na chavua yake huwaletea wengine pumu.

Ila kinachoniudhi zaidi ni imani kwamba mmea huzaliwa gugu. Tazameni mathenge, ule mti wa miiba. Ulianza kupandwa hapa kwetu miaka ya 1970, kule Bamburi karibu na Mombasa, kufunika machimbo yaliyobaki uchi. Baringo ulifika miaka ya 1980 kwa mradi wa kuni, na watu walihimizwa kuupanda kwa sababu ulivumilia ukame na kuzuia vumbi. Sifa zote zile zilikuwa za kweli! Mizizi yake inazama mbali kutafuta maji, mifugo wanapenda maganda yake matamu, na mbegu zinapita tumboni salama na kuota palipoanguka kinyesi. Kilichokuwa faida kwenye machimbo kikawa balaa kwenye malisho. Nyasi zikapotea, njia za kwenda ziwani zikazibwa na miiba. Maganda yale yenye sukari hunasa kwenye meno ya mbuzi, meno yakaoza na kung'oka, mbuzi akashindwa kula. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa gugu hatari. Mti ni uleule tangu Bamburi.

Na hapo ndipo sheria yenyewe inaponitia mashaka. Ilitungwa enzi za ukoloni, na inamfaa mtu mwenye shamba lenye mipaka. Malisho ya pamoja ya Baringo au Tana River, notisi atapewa nani? Mzee wa kijiji? Mfugaji aliyepita jana? Sijapata jibu linaloniridhisha. Na wanaosema tuutumie mathenge mpaka uishe, kwa mkaa na chakula cha mifugo, siwapingi moja kwa moja, mradi maganda yasagwe ili mbegu zife. Lakini mtu akishategemea mkaa huo kulipa karo, je, atataka uishe? Tena ukiukata juu juu unachipua upya ukiwa na matawi mengi kuliko kwanza. Kisiki lazima kikatwe chini ya udongo.

Gugu maji nalo lina somo lake. Vijitabu husema fukusi, wadudu wanaokula gugu hilo, walioachiliwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 ndio waliolipunguza. Walifanya kazi, sina ubishi. Lakini mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikuja wakati huohuo, na wataalamu bado wanabishana ni nani apewe sifa kiasi gani. Anayewaahidi wavuvi kwamba mdudu peke yake atamaliza kazi anaongeza chumvi.

Sasa wewe mwenye picha. Gugu karoti likiwa changa hulala chini kama duara la majani yaliyochanika, mithili ya karoti, kisha shina hupanda na kutoa viua vyeupe vidogo. Ling'oe kabla ya viua hivyo, maana huchanua wiki chache tu baada ya kuota. Subiri mvua ilowanishe udongo ili mzizi utoke wote, vaa glavu na shati la mikono mirefu, na mwenye pumu asisogee. Lililokwisha kuchanua lisiburutwe njiani wala kutupwa kwenye mboji: lichome palepale. Rudi baada ya kila mvua, kwa sababu mbegu za udongoni hazioti zote kwa mkupuo. Na kama limejaa upande wa pili wa ua, zungumza na jirani yako kabla halijachanua. Yeye naye sheria inambana.