Mnyororo wa thamani si jina jingine la mnyororo wa ugavi

Siku hizi hakuna kikao cha kilimo hapa Kigoma kinachofungwa bila mtu kutamka "mnyororo wa thamani". Barabara ya kwenda mashambani ikichongwa, tunaambiwa mnyororo wa thamani umeboreshwa. Lori likinunuliwa, hivyo hivyo. Ghala likiezekwa, hivyo hivyo. Mambo hayo yote ni mema na tunayahitaji, ila yanahusu mnyororo wa ugavi. Ukiyaita mnyororo wa thamani, kuna swali unalifukia, na swali lenyewe ndilo mkulima wa michikichi wa Simbo au Mahembe analotaka lijibiwe.

Maana zenyewe hazichukui muda. Mnyororo wa ugavi ni mpango mzima unaoifikisha bidhaa kwa mtumiaji: mbegu, shamba, mashine, magunia, madumu, magari, maghala, pamoja na taarifa na malipo yanayopita katikati. Kazi yake ni bidhaa ifike, ikiwa nzima, kwa kiasi kinachotakiwa na kwa wakati. Mnyororo wa thamani ni hesabu. Unaichukua bidhaa ileile, unaifuata hatua kwa hatua, na kila hatua unauliza imeongezewa nini, gharama ameibeba nani, na nani ameondoka na nini mkononi. Ugavi unauliza: itafika? Thamani inauliza: nani amebaki na nini?

Njia ni moja na watu ni walewale. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, na siwalaumu, maana dhana hizi zimezaliwa mahali tofauti na zimetufikia zikiwa zimefungwa furushi moja.

Hii ya ugavi ilitoka viwandani na kwa washauri wa biashara. Anayetajwa kuitangaza hadharani ni Keith Oliver, mshauri wa Uingereza, mwaka 1982. Kilichomsumbua ni makampuni ambayo idara ya ununuzi haisemezani na idara ya uzalishaji, na uzalishaji hausemezani na mauzo, matokeo yake ghala moja limejaa na jingine limekauka. Akataka mtiririko wote usimamiwe kama kitu kimoja. Mkulima hakuwemo kwenye picha hiyo, wala mgawanyo wa mapato.

Mnyororo wa thamani ulikuja miaka mitatu baadaye, mwaka 1985, kwa Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard. Wengi wanaoutaja hawajui kwamba Porter alikuwa anazungumzia ndani ya kampuni moja. Alizipanga shughuli za kampuni, kuanzia kupokea malighafi, kutengeneza, kusafirisha, kuuza, hadi kumhudumia mteja baada ya kununua, halafu akauliza ni shughuli ipi hasa inayomfanya mteja akubali kulipa zaidi ya gharama. Tofauti kati ya anacholipa mteja na gharama ya kukifanya ndiyo faida. Mpaka hapo bado hatujatoka nje ya geti la kiwanda.

Swali la nani anabaki na nini katika safari ndefu ya zao, kutoka shamba la nchi moja hadi meza ya nchi nyingine, lina mizizi mingine, na kwetu hii ndiyo muhimu zaidi. Watafiti wa Ufaransa walikuwa wakiyafuatilia mazao ya makoloni yao, na baadaye ya nchi zilizopata uhuru, hatua moja baada ya nyingine. Mwaka 1977 wanasosholojia Terence Hopkins na Immanuel Wallerstein wakaandika kwamba ukitaka kuuelewa uchumi wa dunia, anza na bidhaa iliyomfikia mlaji, kisha rudi nyuma ukiangalia kila kazi na kila malighafi iliyoingia. Miaka ya 1990 Gary Gereffi na wenzake wakaendeleza kazi hiyo na kuuliza jambo zito: katika mnyororo huu, nani anapanga masharti? Nani anaamua ubora uwe upi, bei iwe ipi, nani aingie na nani atolewe? Fikra hizo zilipokutana na jina la Porter, ndipo ukapatikana mnyororo wa thamani wa mazao tunaousikia vikaoni.

Kwa hiyo dhana hii, inavyotumika kwenye kilimo, imebeba swali la nguvu na mgao tangu mwanzo. Ukiitumia kumaanisha "hatua za bidhaa kutoka shambani hadi sokoni", umebaki na ganda.

Tuiangalie kwenye chikichi, zao letu. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanza kulisukuma zao hili mkoani, limekuwa likizungumzwa kila mahali, na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kimepewa kazi ya mbegu. Mbegu zenyewe ni tenera, yaani mtoto wa aina mbili za michikichi, dura na pisifera. Dura ni ile michikichi ya wazee wetu, yenye kokwa la ganda nene na nyama kidogo. Tenera ina ganda jembamba na nyama nyingi, na mafuta ya mawese yamo kwenye nyama. Ukiokota kokwa chini ya mtenera uliochavushwa na mtenera mwenzake ukapanda, hupati shamba la tenera tupu: karibu nusu tu ndiyo itakuwa tenera, robo itarudi dura, na robo itakuwa pisifera, ambayo kwa kawaida haizai vizuri. Ndiyo maana mkulima lazima arudi kwenye chanzo cha mbegu kila anapopanda upya, na akishapanda anasubiri kama miaka mitatu kabla ya mkungu wa kwanza. Mbegu bora kuwafikia watu wa Ilagala kabla ya mvua za kupandia ni ugavi. Ni ugavi mgumu, na anayeufanikisha anastahili shukrani.

Sasa twende kwenye kukamua. Mikungu imekatwa, chikichi zimechambuliwa, zimemiminwa kwenye pipa juu ya moto zichemke. Zikilainika zinaingia kwenye mashine ya kienyeji, lile pipa lililosimamishwa, lenye mti mrefu juu yake, na watu wanausukuma huo mti wakizunguka mpaka nyama iachane na kokwa. Mafuta machafu yanachemshwa tena, yanaenguliwa, yanaingia kwenye dumu la lita 20. Kokwa zinaanikwa. Baadaye kina mama wanakaa chini na mawe, wanabanja moja moja, wanatoa mise, yaani kiini cha ndani, na mise nayo ina mafuta yake, yale yanayopendwa na watengeneza sabuni.

Mnyororo wa ugavi, ukilitazama eneo hilo la kukamulia, unaona mambo kadhaa. Chikichi zimekaa siku ngapi tangu zikatwe? Tunda likishachubuka, kimeng'enya kilichomo ndani yake kinaanza kuyavunja mafuta, asidi inapanda, na mawese yanakuwa makali kooni. Moto wa lile pipa ndio unaokizima kimeng'enya hicho, kwa hiyo kila siku chikichi zinapongoja kuni au kungoja zamu ya mashine, ubora unashuka. Unaona madumu yanatosha? Gari lipo? Barabara inapitika masika?

Mnyororo wa thamani ukilitazama eneo hilohilo unaona mambo mengine kabisa. Mwenye mashine analipwaje, kwa pesa au kwa kubaki na sehemu ya mafuta? Kokwa zinabaki kwa nani, mwenye shamba au mwenye mashine? Yule mama anayebanja, siku nzima ya mawe inampa kiasi gani ukilinganisha na anayeibeba mise kwenda kuiuza? Mnunuzi anayefika na gari akiinamisha dumu, akatazama machicha chini, akatia kidole na kuonja, kisha akataja bei, je, muuzaji ana njia yoyote ya kuthibitisha kwamba mafuta yake ni bora kuliko ya jirani? Kama hana, mafuta mazuri na mabaya yatauzwa bei moja, na hakuna atakayejihangaisha kuwahisha chikichi kwenye moto.

Hapo dhana mbili zinagusana, sikatai. Kuchelewa ni tatizo la ugavi linalokula thamani. Bei isiyotofautisha ubora ni tatizo la thamani linaloharibu ugavi. Lakini dawa zake ni mbali mbali. La kwanza unaliponya kwa mashine zaidi na barabara. La pili halisikii barabara. Linataka kipimo kinachokubalika na pande zote, na wauzaji wanaoweza kukataa bei kwa pamoja.

Mfano unaoniuma kuliko yote ni lumbesa. Gunia limejaa, juu yake limeshonewa kilemba cha mazao mengine, na linalipiwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na bado linaonekana. Sasa lipeleke gunia hilo kwa mtu wa ugavi. Limefika? Limefika. Limefika zima na kwa wakati? Ndiyo. Tena gari limebeba mzigo mwingi kwa idadi ndogo ya magunia. Kwenye karatasi ya ugavi, lumbesa haina kosa. Kwenye karatasi ya thamani ni kilo ambazo mkulima amezilima, amezipalilia, amezivuna, na hakulipwa. Ukizichanganya karatasi hizi mbili, kilo hizo zinapotea bila mtu kuziona. Vivyo hivyo butura ya kahawa kule Kagera, mtu anapouza zao likiwa bado ua kwa sababu ya shida ya ada au ugonjwa. Kahawa itafika sokoni vilevile. Ila thamani yake ilishahama mikono tangu mti haujazaa.

Upande wa pili pia upo, maana ugavi unaweza kukatika wenyewe bila mtu kumdhulumu mtu. Mwaka 2022 Indonesia ilizuia kuuza nje mafuta ya mawese kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23, na nchi kama yetu, ambayo zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula imekuwa ikitoka nje, haiwezi kutikiswa hivyo isisikie. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Dagaa wakaadimika kwenye mialo. Hilo ni jambo la ugavi, na lilipangwa makusudi kwa faida ya kesho. Swali la thamani linakuja pembeni yake: dagaa walipokuwa adimu na bei ikapanda, nyongeza hiyo ilikwenda kwa mwenye dagaa wakavu ghalani au kwa mvuvi ambaye mtumbwi wake ulikuwa umeegeshwa? Kulijua hilo kunataka hesabu nyingine, ambayo taarifa ya ugavi haiwezi kukupa.

Kuna kosa jingine, dogo, nalitaja upesi. "Kuongeza thamani" kwa maana ya kusindika, kama kugeuza mise kuwa sabuni au kufungasha dagaa, ni hatua moja ndani ya mnyororo wa thamani. Mtu anaweza kusindika vizuri sana na bado akapata hasara, kwa sababu vifungashio, umeme na usafiri vimekula zaidi ya kilichoongezeka kwenye bei.

Na reli. Watu wengi wanasema reli mpya ya kisasa, SGR, ikimaliza kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 ukijumlisha njia za kupishania, mnyororo wa thamani wa mazao yetu utakuwa umekamilika. Naitamani reli hiyo kama mtu mwingine yeyote. Itafupisha safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwenda Dar es Salaam, na mzigo unaoharibika utakuwa na nafasi ambayo haukuwa nayo. Lakini reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kama njia ya kusafirishia peke yake ingempa mkulima sehemu yake ya bei, tungekuwa na zaidi ya karne ya ushahidi. Nauli ikishuka, kinachookolewa kinaweza kubaki kwa msafirishaji, kwa dalali, kwa mlaji au kwa mkulima. Atakayekipata ni yule mwenye nafasi ya kusema hapana bei inapotajwa.

Kwa hiyo ndugu zangu wanaoandaa taarifa za halmashauri, za vyama vya ushirika na za miradi: mkiandika kwamba lori limenunuliwa au ghala limejengwa, andikeni kuwa mmeimarisha mnyororo wa ugavi. Ni kazi kubwa na jina hilo linaitosha. Mkitaka kuandika mnyororo wa thamani, wekeni jedwali lenye hatua zote za chikichi, kuanzia mkungu hadi dumu linalofunguliwa jikoni, na mbele ya kila hatua bei ya kununulia, gharama, bei ya kuuzia na kilichobaki, pamoja na jina la kazi ya anayebaki nacho. Mama anayebanja mise awemo, na mstari wake usiachwe wazi.