Mawimbi ya mtutu wa kale hayakuchorwa

Wengi wanaotazama bunduki za kifahari za karne ya 19, hasa zilizofuliwa Liège nchini Ubelgiji, hudhani kwamba mistari inayojipinda kwenye mtutu kama mawimbi ilichongwa na fundi wa nakshi baada ya kazi ya mhunzi kukamilika. Sivyo. Nakshi za kuchongwa zipo, lakini mahali pake ni kwenye bamba za ubavuni na vipambo vya fedha. Mawimbi yamo ndani ya chuma chenyewe. Mhunzi alipanga vipande vya chuma laini na vya feleji kwa kupishana, akaviunganisha motoni kwa nyundo, akausokota ufito uliopatikana kama kamba, kisha akauzungusha kwenye nondo na kuushikamanisha tena juu ya fuawe, pindo kwa pindo. Mwishoni mtutu ulisuguliwa kwa tupa na kupakwa tindikali hafifu, ambayo hula metali hizo mbili kwa kiasi tofauti, ndipo ruwaza ikajitokeza. Tindikali, basi, haikuchora kitu. Ilikuwapo pia mitutu ya bei nafuu iliyotiwa ruwaza ya uongo juu juu, nayo, nadhani, ndiyo iliyoeneza dhana hii: ukiisugua kwa tupa, mawimbi hutoweka, ilhali ya kweli hurudi kila yanapopakwa tindikali upya.