Kioo cha simu hakijui umekibonyeza kwa nguvu kiasi gani

Kazi yangu ni skrini za mguso, na jambo ninalolirudia kuliko yote ni hili: simu ikikataa kuitika, usiikandamize. Kioo cha siku hizi hakipimi nguvu ya kidole, kinapima umeme.

Chini ya kioo kuna mistari ya oksidi ya indiamu na bati, kitu kinachopitisha umeme na bado mwanga unapenya. Mistari mingine imelala, mingine imesimama, na haigusani. Kila inapopishana pana chaji ndogo sana. Mwili wako una maji na chumvi, kwa hiyo nao unapitisha umeme. Kidole kikisogea, sehemu ya chaji ile hukimbilia kwako, na chipu inauona upungufu kwenye makutano yale. Ndiyo maana kalamu ya plastiki haifui dafu hapo, na matone ya mvua yanaivuruga skrini nzima.

Wengi hudhani mbinu hii ilizaliwa na simujanja. La. Mwaka 1965, E. A. Johnson wa Royal Radar Establishment, taasisi ya utafiti wa rada kule Malvern, Uingereza, alichapisha makala fupi kuhusu skrini ya kugusa kwa kidole, akiwafikiria waongoza ndege. Nayo ilitegemea chaji ya umeme. Miaka michache baadaye, CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ilikuwa inajenga SPS, mashine ya kuongezea kasi chembe ndogo za maada, na chumba cha kuiendeshea kingehitaji maelfu ya vitufe na swichi. Frank Beck na Bent Stumpe wakaja na kioo chenye nyaya nyembamba za shaba: vitufe vinabaki mahali palepale, majina yake ndiyo yanayobadilika. Mashine ilipowashwa mwaka 1976, iliendeshwa kwa skrini hizo. Hiyo kwangu ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii, na haitajwi inavyostahili.

Halafu mbinu hiyo ikapitwa. Samuel Hurst, Mmarekani, alileta skrini ya aina nyingine katika miaka ya 1970, na hiyo ndiyo iliyotawala kwa muda mrefu. Hata IBM Simon, simu ya mguso ya mwaka 1994, ilikuwa nayo. Niliwahi kuibandua moja nikaitazama kwa lenzi: utando laini wa plastiki juu, kioo chini, katikati vidoto vidogo vimepangwa safu kwa safu kuzitenganisha tabaka hizo mbili. Ukibonyeza, zinagusana, na volti inayosomwa inaonyesha ni wapi. Hapo nguvu ilihitajika kweli! Ila hata ukucha ulitosha, maana haikutegemea umeme wa mwili. Lakini utando ulichubuka, na vidole viwili kwa pamoja viliichanganya.

Skrini ya kutambua vidole vingi kwa pamoja ilikuwa imeshafanyiwa kazi na Nimish Mehta kule Toronto mwaka 1982. Kilichobaki ni chipu ndogo ya kupima makutano mamia, mara nyingi kila sekunde, na kutofautisha kidole na kelele za umeme, yaani mitikisiko ya umeme isiyotakiwa. iPhone ya mwaka 2007 ilipofika, wazo la Johnson likarudi mifukoni mwa watu.

Kelele hizo bado zinatusumbua. Chaja mbovu huzipitisha hadi kwenye mistari ile, na chipu inadhani ni vidole. Simu yako ikijibonyeza yenyewe ikiwa kwenye chaji, chomoa waya kwanza uone kama itatulia, kabla hujalipia kioo kipya.