Chicago Spire haikuuliwa na urefu wake

Ukitaja Chicago Spire, ule mnara wa kujipinda wa Chicago, Marekani, ambao haukukamilika, kwa watu wanaopenda maghorofa marefu, hukosi mmoja atakayekwambia ule ulikuwa mchoro tu wa kutafutia kiki, hakuna kilichojengwa. Si kweli. Kazi ilianza kabisa katikati ya 2007, mashine zikaingia kiwanjani pale Mto Chicago unapokutana na Ziwa Michigan, wakachimba nguzo 34 za zege na chuma kwenda chini mpaka kwenye mwamba, halafu wakachimba shimo la duara lenye upana wa mita kama 33 na kina cha mita 23 hivi. Shimo lile ndipo ambapo kingeanzia kiini cha jengo, yaani ile sehemu ya katikati inayobeba lifti na ngazi. Kwa hiyo msingi ulikuwepo, kilichokosekana ni kila kitu cha juu yake.

Nyingine hii: "ulikuwa uwe mrefu kuliko yote duniani." Wapi! Ulipangwa kufika mita 610, ghorofa 150, na kipindi hichohicho Burj Khalifa ilikuwa inapanda kule Dubai ikaja kuishia mita 828. Spire ingekuwa namba moja Marekani, hilo sawa, na mpaka leo ingekuwa bado inaongoza kwa sababu One World Trade Center ya New York ina mita 541 tu.

Sasa tuje kwenye ile inayonikera zaidi, eti jengo halikuwezekana kiufundi, eti upepo wa Chicago ungelimaliza, eti umbo lile la kujipinda ni urembo wa msanifu asiyejua hesabu. Msanifu wake, Santiago Calatrava, alilichora lizunguke kidogokidogo kila ghorofa, digrii mbili na ushee, mpaka likifika juu limekamilisha mzunguko mzima wa 360, ndiyo maana wakazi wakalibatiza jina la kekee. Lakini mpindo huo unasaidia. Upepo ukipiga jengo refu lililonyooka unaachia vimbunga vidogo vya hewa kwa mpigo mmoja, mara upande huu mara upande ule, jengo linaanza kuyumba, ila umbo likibadilika kila unapopanda, ule mpigo unavurugika na nguvu inapungua. Shanghai Tower imetumia akili hiyohiyo, imejipinda, ina mita 632, imekamilika 2015 na watu wanafanyia kazi humo. Na Calatrava mwenyewe alikuwa ameshamaliza Turning Torso pale Malmö, Sweden, mwaka 2005, ni fupi kweli, mita 190, lakini imejipinda digrii 90 na iko palepale imesimama. Sasa mtu akikwambia uhandisi ulishindwa muulize ulishindwa wapi.

Kilichoshindwa ni hela, tena si mara moja. Wengi hawajui kwamba mradi ulitangazwa 2005 kwa jina la Fordham Spire, ukiwa wa mwekezaji wa majengo Christopher Carley, ghorofa 115, hoteli na nyumba za kuuza. Carley akahangaika kutafuta fedha, hakupata, 2006 akaingia Garrett Kelleher, tajiri wa majengo kutoka Ireland, akatoa hoteli, akaongeza ghorofa, ikawa apatimenti tupu, 1,193. Hapo kwa maoni yangu ndipo hatari ilipokaa. Hoteli ingekuwa mlango mwingine wa mapato, ukiitoa unabaki unategemea watu wanunue nyumba za kifahari zaidi ya elfu moja kwenye jengo moja, ndani ya mji mmoja, na soko likae vizuri miaka yote ya ujenzi. Halikukaa.

Na hapa kuna dhana nyingine, kwamba hakuna aliyetaka kununua. Mauzo yalifunguliwa mwanzoni mwa 2008, bei zikianzia kama dola 750,000 mpaka milioni 40 kwa ile nyumba ya juu kabisa, na Ty Warner, yule wa midoli ya Beanie Babies, ndiye aliyeichukua hiyo ya juu. Kwa hesabu za kampuni yenyewe karibu theluthi ilikuwa imeshapata wateja. Shida ni kwamba theluthi haijengi ghorofa 150, hasa benki zikianza kuanguka. Mkopeshaji mkubwa wa Kelleher alikuwa Anglo Irish Bank, na benki hiyo Januari 2009 ilichukuliwa na serikali ya Ireland maana ilishakuwa hoi. Hata Calatrava hakulipwa vizuri, Oktoba 2008 aliweka dai la kisheria juu ya kiwanja la zaidi ya dola milioni 11. Baadaye kukawa na mazungumzo ya kukopa kama milioni 170 kwenye fedha za pensheni za vyama vya wafanyakazi, kwa hesabu kwamba wanachama wao ndio wangepata kazi pale, nayo ikaishia hewani.

Kuna na wanaosema ulikuwa mradi wa Donald Trump, hiyo sitaichelewesha: hapana, haukuwa mradi wake. Yeye alikuwa na mnara wake hukohuko Chicago, na Spire alikuwa anaiponda hadharani tangu 2005.

Halafu kuna wanaodhani shimo bado liko wazi. Kelleher alikabidhi kiwanja kwa kampuni ya majengo ya Related Midwest Novemba 2014 baada ya kushindwa kumaliza deni, miaka ikapita, mipango ikapelekwa na kurudishwa, na 2024 ndipo ujenzi ukaanza tena. Anwani ni 400 Lake Shore Drive, mnara wa kwanza una ghorofa 72 na mita kama 261, wa kupangisha, umenyooka, haujipindi hata digrii moja. Ni mzuri tu, ila chini ya nusu ya urefu ule, na mkopo wake ulipatikana.