Je, wajua? Ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka ni dhahabu

Umeshatobolewa kidole, tone la damu limeingia kwenye kijishimo cha kipimo, mhudumu kaongeza matone mawili ya bafa, yale majimaji yanayokuja na kipimo, na sasa mnangoja. Hakuna dakika ndefu kama hizo. Taratibu, kitu chekundu kinaanza kujichora kwenye karatasi nyeupe, na macho yote yanakimbilia kuhesabu: mmoja, au miwili?

Ni wachache wanaojiuliza wekundu huo umetoka wapi. Damu siyo. Ingekuwa damu, kipimo cha Uviko kinachotumia ute wa puani kisingetoa mstari wa rangi hiyohiyo. Katika vipimo vingi vya namna hii, unachokitazama ni dhahabu. Naam, dhahabu, madini yaleyale yanayochimbwa Geita na kuvaliwa vidoleni. (Kabla hujaanza kukusanya vipimo vilivyotupwa: iliyomo ni kidogo mno, hailipi hata nauli ya kuipeleka kwa sonara. Na wapo watengenezaji wanaotumia seleniamu au vishanga vya plastiki badala yake.)

Lakini dhahabu si ya njano? Ikiwa kipande kinachoshikika, ndiyo. Ikigawanywa hadi chembe za nanomita 40 hivi, mambo hubadilika. Nanomita ni milimita moja iliyokatwa vipande milioni, na unywele wako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Katika udogo huo, elektroni za dhahabu huyumba pamoja zinapopigwa na mwanga, na myumbo huo humeza zaidi mwanga wa kijani. Kijani kikishamezwa, kinacholifikia jicho ni chekundu. Chembe hizo hazitwangwi kwenye kinu. Huchemshwa chumvi ya dhahabu ndani ya maji, ikaongezwa sitrati, chumvi ya asidi iliyomo kwenye ndimu, na baada ya dakika chache maji yaliyokuwa na unjano hafifu yanageuka kuwa kama juisi ya rozela.

Wala si ugunduzi wa jana. Mwaka 1857, mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alieleza mbele ya wanasayansi wa London kwamba wekundu wa maji ya aina hiyo unatokana na udogo wa chembe za dhahabu zilizomo. Mafundi wa vioo wa Roma walikuwa wameshautumia ujanja huohuo katika karne ya 4 bila kujua sababu yake: kikombe chao kimoja, kilichopo leo British Museum, huonekana cha kijani kikimulikwa kwa mbele na chekundu kikimulikwa kwa nyuma.

Sasa, dhahabu inakijuaje kirusi? Haikijui. Anayekijua ni kingamwili, protini ambayo mwili huitengeneza ili imshike adui mmoja na kumwacha mwingine apite. Kiwandani, kingamwili hubandikwa juu ya chembe za dhahabu, zikakaushwa kwenye kipande cha nyuzinyuzi ndani ya kipimo. Chukua kipimo cha Uviko. Ute ukishachanganyika na bafa, majimaji huloanisha kipande hicho na kuzibeba chembe, yakipanda kwenye karatasi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Kama mna protini za kirusi, kingamwili za dhahabu huzidaka njiani. Mbele kidogo, palipoandikwa T, kuna safu nyingine ya kingamwili zilizogandishwa kwenye karatasi, nazo zinaidaka protini ileile kwa upande wake wa pili. Dhahabu inanasa hapo. Zikinasa chembe za kutosha, jicho linaona mstari. Zinazopita husimamishwa kwenye C, mstari unaothibitisha kwamba majimaji yalifika. C isipotokea, kipimo hicho ni cha kutupa, hata kama T inang'aa.

Kila kifaa cha namna hii, ambacho wataalamu hukiita biosensa, kina kazi mbili: kushika na kusema. Kingamwili inashika, dhahabu inasema. Na hapo kwenye kusema ndipo penye shida, kwa sababu dhahabu ina sauti ndogo. Chembe kumi zikinasa, huoni kitu. Elfu moja, bado. Jicho la mtu halina uwezo huo, kwa hiyo kipimo kinaweza kusema "hakuna" wakati virusi vimo mwilini, ila bado ni vichache.

Kwa VVU mambo ni magumu zaidi, kwani vipimo vingi vya haraka havimtafuti kirusi mwenyewe. Vinatafuta kingamwili ulizozitengeneza wewe dhidi yake, na mwili huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine hadi miezi mitatu, kabla hazijatosha kuonekana. Hiki ndicho kipindi cha dirisha ambacho washauri nasaha hukitaja kila mara, na ndiyo sababu unaambiwa urudi kupima tena. Katika wiki hizo za mwanzo virusi hujaa kwenye damu kwa wingi, na mtu anaweza kuambukiza kirahisi huku kipimo kikimwambia yuko salama.

Kuna kundi jingine ambalo kipimo cha kingamwili hakilifai kabisa: watoto wachanga. Mtoto wa mama mwenye VVU huzaliwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo la nyuma, na zinaweza kukaa naye hadi miezi 18. Ukimpima kwa kipimo cha haraka utakuwa umempima mama. Kwa hiyo, akifika wiki sita hivi, hutobolewa kisigino, na matone ya damu yanaachwa yakauke kwenye vijiduara vya karatasi maalumu. Karatasi hiyo hufungwa kwenye mfuko na kusafirishwa hadi maabara kubwa yenye mashine ya PCR, ambayo hurudufu vinasaba vya kirusi: kimoja kiwe viwili, viwili viwe vinne, na baada ya mizunguko 30 vimeshapita bilioni moja. Mashine haikosei sana. Kinachoumiza ni safari ya karatasi kwenda na ya majibu kurudi, kwa sababu watoto wenye VVU wasiopata dawa, karibu nusu yao hawafikishi miaka miwili.

Ndiyo maana mimi, nikisoma habari za nanoteknolojia na virusi, huuliza swali moja tu: hii inaweza kukaa zahanati?

Mwaka 2004, kundi la Charles Lieber wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionesha jambo la kushangaza. Walichukua waya wa silikoni ambao wembamba wake ni wa makumi ya nanomita, wakaubandika kingamwili za virusi vya mafua, wakapitisha umeme. Kirusi kimoja kilipotua, umeme ukabadilika ghafla. Kilipoondoka, ukarudi kama ulivyokuwa. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani: mpira mnene ukiguswa na kidole hauhisi kitu, mwembamba ukibanwa kidogo tu maji yanayumba. Waya ule ni mwembamba kuliko kirusi chenyewe, ndiyo maana chaji ndogo ya umeme ya kirusi inatosha kuubana.

Kwa nini basi, zaidi ya miaka 20 baadaye, hatuuoni kaunta ya duka la dawa? Chumvi. Damu na mate vimejaa chumvi, na chembe zake zenye chaji humzonga kirusi na kuificha chaji yake. Katika damu, nguvu ya chaji hufifia kabla hata ya kufika nanomita 1, ilhali kingamwili iliyomshika kirusi ina urefu wa nanomita 10 hivi. Waya unahisi kwa umbali wa unyayo, mgeni amesimama ng'ambo ya chumba. Juu ya hapo, protini nyingine za damu huuganda waya na kuuziba. Watafiti wa Korea Kusini waliotengeneza kihisi cha Uviko kwa grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, mwaka 2020 walikutana na tofauti hiyo: katika bafa safi kilinasa protini ya kirusi hata ikiwa femtogramu 1 kwa mililita (femtogramu ni gramu moja iliyokatwa vipande milioni mara bilioni), lakini kwenye majimaji yanayotumika hospitalini kuhifadhia sampuli, ilibidi iwe mara 100 zaidi. Takwimu ya maabara isomwe pamoja na maji iliyopimiwa.

Kwa macho yangu, walioshika njia nzuri zaidi ni wale wa University College London, UCL, ambao mwaka huohuo wa 2020 walichapisha kazi yao kwenye jarida la Nature. Hawakuitupa karatasi. Waliondoa dhahabu wakaweka vipande vidogo mno vya almasi vyenye kasoro ya makusudi ndani yake, inayovifanya ving'ae vikimulikwa. Karatasi yenyewe pia hung'aa kidogo, na hapo ndipo penye ujanja: mawimbi ya maikrowevu huufanya mng'ao wa almasi upande na kushuka kwa mapigo maalumu, ule wa karatasi ubaki umetulia. Ni kama kutafuta indiketa ya bodaboda kwenye foleni ya usiku. Taa ni nyingi, lakini inayopepesa ni moja. Katika majaribio yao, almasi ziliishinda dhahabu kwa usikivu mara 100,000, na zikisaidiwa na dakika 10 za kurudufu vinasaba kwa joto lisilobadilika, ziliweza kufikia nakala moja ya kinasaba cha VVU.

Umeme bado unahitajika, na kifaa cha kuusoma mng'ao pia. Dhahabu haidai hata betri. Lakini karatasi ni ileile, majimaji yanapanda vilevile, na mstari unajichora palepale, ila sasa huwezi kuuona kwa macho yako.