Si Kila Kisu cha Zamani ni cha Mjerumani

Hapa Tanga kitu chochote kikipata kutu ya kutosha hupewa Mjerumani. Kuna nyumba ya Mjerumani, daraja la Mjerumani, na sanduku la Mjerumani lililofukiwa chini ya mbuyu ambalo kila mtu ana mjomba aliyewahi kulitafuta. Visu vya kukunja navyo vimo. Majuzi pale Ngamiani muuza vyuma chakavu mmoja alinitolea kisu kidogo cha mapanga mawili (panga naita ule ubapa wa kukatia), mpini wa pembe, si ya ndovu. "Kaka, hiki cha Mjerumani hasa. Kimetoka shamba la mkonge."

Nikakifungua, nikakiinamisha juani. Chini ya panga, karibu na mpini, pameandikwa SOLINGEN, na chini yake W. GERMANY. Mjerumani kweli, lakini wa lini? Hiyo W ni ya Ujerumani Magharibi, nchi iliyozaliwa 1949. Waingereza walikwisha kuuteka mji huu 1916. Nilikinunua hata hivyo, maana springi zake zinavuta vizuri, ila kwa bei ya kisu cha enzi za redio ya mbao, si kwa bei ya kisu cha enzi za gavana.

Wenzangu tunaokusanya visu hivi tukikutana kwenye kahawa, swali la kwanza huwa hilohilo: shina linasemaje? Shina naita pale panga linapoingia kwenye mpini, ambapo makali hayafiki. Hapo ndipo mtengenezaji hupiga muhuri wake, na hapo ndipo pana ukweli zaidi ya maneno yote ya muuzaji. Hadithi ya babu aliyekuwa askari tunaisikiliza, tunacheka, kisha tunarudi kwenye shina.

Nianze na Wajerumani, kwa kuwa ndio wanaosingiziwa. Solingen ni mji wa wafua visu tangu zama za kati, na tangu 1938 jina lake linalindwa kisheria. Neno jingine la kutazama ni ROSTFREI, yaani kisichoshika kutu. Chuma cha aina hiyo kilianza kutoka viwandani karibu na 1912 na 1913, huko Essen, Ujerumani, kwa kampuni ya Krupp na huko Sheffield, Uingereza, kwa Harry Brearley, na kwenye visu vya mfukoni kilichukua miaka mingine kuzoeleka. Kwa hiyo ukiambiwa kisu cha ROSTFREI kililetwa na mzungu aliyekuja na miche ya kwanza ya mkonge 1893, mpe mwenzio kashata muendelee na mazungumzo mengine.

Kuna kisu kimoja ambacho kweli kilianza kwa ajili ya makoloni ya Mjerumani: Okapi. Kilianza kutengenezwa Solingen 1902, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumpa jina mnyama huyo wa misitu ya Kongo. Mpini wa mbao una nyota na mwezi, na mgongoni pana pete ya kuvuta ili panga lirudi. Lakini tangu 1988 Okapi hutengenezwa Afrika Kusini, na nyingi zinazopita mikononi mwetu ni za huko. Si mbaya, kisu kizuri cha kazi, ila usikilipie kama masalia.

Waingereza wana herufi nyingi zaidi, na kwangu wao ndio utamu wenyewe. Visu vya Joseph Rodgers wa Sheffield vina nyota na msalaba wa Malta, na mara nyingi taji lenye herufi za mtawala: V R ni Malkia Victoria, aliyekufa 1901; G R huwa ni George wa Tano au wa Sita, na huyo wa mwisho alifariki 1952. Neno ENGLAND likiwepo, kwa kawaida kisu ni cha baada ya 1890, mwaka ambao Marekani ilipitisha sheria ya ushuru iliyodai kila bidhaa ya nje iandikwe nchi ilikotoka.

Ninachojivunia mwezi huu kimetoka Deep Sea hapa mjini, kwa mvuvi aliyekuwa akifungulia mafundo ya nyavu. Ni kisu cha jeshi la Uingereza: mpini mweusi wenye vijimraba, panga moja nene, kifungua kopo, na mgongoni msumari mnene wa kufumulia kamba. Juu yake pana mshale wa mali ya serikali na mwaka 1943. Wanajeshi wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Tanganyika walipelekwa hadi Burma katika vita ile, na bila shaka mtaniambia kisu hiki kilikwenda nao. Mimi naandika 1943 kwenye karatasi yake, basi. Mvuvi alikubali kuniachia baada ya kumletea kipya cha ukubwa uleule.

Sasa, jambo linalonikera. Mtu akipata kisu cha hivi hukimbilia msasa, au mbaya zaidi, hukipeleka kwa fundi mwenye grinda. Kinarudi kinang'aa na shina limekuwa tupu. Ule weusi wa kijivu wenye ubuluu kidogo si uchafu. Ni ngozi ambayo chuma cha zamani hujiwekea kwa kukata ndimu na vitunguu, na husaidia kuzuia kutu nyekundu. Nyekundu ndiyo ya kuondoa. Loweka kiungo kwa mafuta ya taa usiku kucha, sugua kwa mswaki mkuukuu, uchafu wa ndani utoe kwa njiti ya mti. Muhuri ukiwa hafifu, upake chaki ufute, kisha mulika tochi ya simu kwa ubavu. Herufi zitajitokeza.

Mpini wa pembe za ndovu ukikutana nao, uache ulipo hata ukipewa bure. Kumiliki pembe hizo bila kibali ni kosa la jinai hapa nchini, na uzee wa kisu haukupi kibali.

Kuhifadhi ni shida kwa hewa yetu ya chumvi. Ala ya ngozi ni ya kubebea, si ya kulazia; ngozi hunywa unyevu na shaba ikaota ukijani. Mafuta ya cherehani yanatosha. Na wale wenye vipini vya seluloidi, ile plastiki ya zamani, vile vinavyong'aa rangi ya kobe au vya mistari kama lulu, viwekeni peke yake mahali penye hewa. Seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wa tindikali unaokula vyuma vya jirani sandukuni, na joto letu huiharakisha. Ukiona kisu kimoja kimeshika kutu ghafla katikati ya vingine, kabla ya kulaumu bahari, nusa mpini wa kile kilicho kando yake.