Chapa za nakshi zilikuwa karatasi za karakana

Ukienda makumbusho za Ulaya utakuta vile vipande vidogo vya karatasi vya miaka ya 1500, majani yanajisokota, vitoto vyenye mabawa, wanyama nusu mtu, vyote ndani ya fremu na kioo, watu wanapita wanasema picha nzuri. Kazi yangu ni hizo chapa, yaani michoro iliyochapwa kwa bamba na wino, na kusema kweli fremu inazipotosha, maana zilitengenezwa mafundi wazitumie kama mifano ya nakshi.

Ufundi wenyewe ulitoka kwa masonara. Mchora chapa Martin Schongauer wa Colmar alikuwa mtoto wa sonara, mwenzake Albrecht Dürer wa Nürnberg hivyo hivyo, tena alianza kujifunza kwa baba yake. Kile kichuma chenye ncha kinachochimba mstari kwenye fedha ndo hichohicho kinachimba kwenye bamba la shaba, ila kwa shaba unajaza wino kwenye mistari, unafuta juu, unalaza karatasi yenye unyevu alafu unabana kwa rola. Mchoro unatoka umegeuka, kushoto kunakuwa kulia, lakini jani la kujisokota likigeuka nani atalalamika?

Angalia za Heinrich Aldegrever wa Soest, Ujerumani. Miaka ya 1530 alichora ala za majambia, yaani vifuko vya kuchomekea, juu pana chini inachongoka, majani yamejazwa mpaka kwenye ncha na watu wawili uchi pale juu. Fundi halazimiki kuichukua nzima, anaweza kutoa jani moja akaliweka kwenye mfuniko wa kikombe, au akawatupa wale watu wawili kabisa. Kuna chapa nyingine upande wa kushoto una nakshi moja na wa kulia nyingine, wasiojua wanaona mchoraji kachanganyikiwa, kumbe anakupa chaguo mbili kwenye karatasi moja, unachukua nusu unayotaka unairudia upande wa pili.

Wadarizi nao walikuwa na vitabu vyao, Johann Schönsperger wa Augsburg alikuwa anavichapa tangu miaka ya 1520. Hivyo vimebaki vichache mno na sababu iko wazi, unatoboa karatasi kwa sindano kufuata mstari, unaiweka juu ya kitambaa, unagongagonga na kifuko cha unga wa mkaa, vidoti vinabaki chini. Ukifanya hivyo mara kadhaa karatasi imekwisha. Wakusanyaji wengi wanataka nakala safi isiyo na tobo, mimi nipe iliyotobolewa na weusi wa mkaa nyuma, hiyo najua ilifika kwa fundi.